Mwaka Ambao Sikuwapo

Mwanesha alipofariki tulikuwa tumeachana miaka ishirini na mitatu, kwa hiyo katika matanga yake sikuwa na pahali pangu. Sikuwa mume, sikuwa ndugu. Nilifika Mombasa siku ya tatu, nikakaa barazani pamoja na wanaume wa mtaa ambao hawakunijua, nikanywa kahawa, nikaitikia dua, na kila aliyeniuliza mimi ni nani wa marehemu nikamjibu, "Ni baba wa Ruqia," ikatosha. Watu walipopungua, Ruqia aliniita ndani. Alikuwa amekaa mkekani katikati ya nguo za mama yake, anatenga za kugawa na za kuweka, na bila kuinua uso akasema, "Baba, mama hakukusema vibaya hata siku moja. Alichosema ni kwamba kuna mwaka ulikaa nyumbani na hukuwapo. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki. Ulikuwa na nini?" Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema nguo nazo ni nyingi. Basi nikakaa nikamweleza, lakini nilimweleza vibaya, nikirukaruka, nikiacha yale mazito. Hapa nataka niyaseme kwa mpango.

Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na moja. Tulikuwa tukikaa Kismayu, pwani ya Somalia, mtaa wa Majengo, katika vyumba viwili tulivyopangishwa na Bi Maimuna, mama wa makamo aliyekuwa akiuza anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na mchuzi wa samaki asubuhi. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yangu. Nilikuwa fundi wa mashine za boti, na nilikuwa na jina. Watu waliniletea mashine zao kutoka visiwani mpaka Burgao. Chumba cha nyuma ndimo tulimolala: kitanda cha kamba, sanduku la Mwanesha, kabati lisilo na mlango, na dirisha moja dogo lililotazama uani, kiasi kwamba harufu ya unga uliochacha ilikuwa ikiingia chumbani kabla ya mwanga. Watu hupenda kujua huzuni ya mtu iliingilia mlango upi. Ruqia pia aliuliza. Ni vita vilivyotukimbiza? Ni wale tuliowazika njiani? Ni kambi ya wakimbizi? Ningependa kumjibu ndiyo, kwa sababu jibu hilo lina heshima yake. Lakini vita vilikuwa na kila haki ya kuniangusha na havikuniangusha. Kambini nilikuwa nikicheka, nikitengeneza redio za watu, nikigombania zamu ya maji kama wenzangu. Nilianguka baada ya kurudi, katika miezi ambayo kazi ilikuwapo, mtoto alikuwa mzima, na mke wangu alikuwa akiimba akifua. Ilinijia kama chumvi inavyoingia kwenye mashine. Huioni ikiingia. Unakuja kujua siku unapotia spana na nati inakataa kuzunguka.

Siku yangu ya nati kukataa ilikuwa siku ya mashine ya Haji Kombo. Huyu alikuwa mvuvi wa Darakasi, mtu mzima, na mashine yake ilikuwa ikizimika kila akifika mbali. Kazi ya siku mbili. Nilitandika mkeka, nikaifungua yote, nikapanga vyuma kwa utaratibu wangu: vikubwa kushoto, vidogo kulia, nati ndani ya kopo la maziwa. Kisha nikakaa nikavitazama. Nilijua jina la kila kimoja. Nilijua ringi hii inakwenda wapi na gasketi ile inakaa juu ya nini. Lakini kati ya kujua kwangu na mkono wangu kulikuwa na umbali ambao sikuweza kuuvuka. Nikasema nitaanza baada ya adhuhuri. Baada ya adhuhuri nikasema baada ya alasiri. Siku ya pili nilivifunika vyuma kwa kanga ili nisivione. Siku ya kumi na moja Haji Kombo akaja, akafunua kanga, akavitazama vyuma, kisha akanitazama mimi. Hakugomba. "Lali," akasema, "nimepata kuona fundi mvivu, na nimepata kuona fundi mwizi. Weye si huyu wala si yule. Waumwa na nini?" Nikamwambia siumwi. Akamwita mchukuzi, wakavitia vyuma ndani ya gunia, na mlio wa vyuma vile vikigongana mpaka mwisho wa uchochoro ndio ninaoukumbuka kuliko jambo lolote la mwezi ule.

Baada ya hapo karakana ilifungwa, nami nikahamia kitandani. Mwanesha alivumilia, na nataka Ruqia alijue hilo. Aliniwekea sahani ya wali na mchuzi wa papa mkavu, na ndimu iliyokatwa pembeni kwa sababu alijua napenda ndimu, na baada ya saa nzima alikuja kuitoa sahani ile ile, mafuta yameganda, inzi wawili wamezama kwenye mchuzi. Aliniuliza kama ninataka maji ya kuoga, nikamjibu "eeh," akayaleta, yakapoa. Aliniambia habari za mtaa, nani kaolewa, nani kaenda Nairobi, nikajibu "eeh." Ruqia, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa akipanda juu ya kifua changu na kunifungua kope kwa vidole vyake, moja kisha ya pili, kama mtu anayefungua madirisha ya nyumba aone kama kuna watu. Nilimwacha afanye apendavyo. Sikucheka wala sikumtoa. Nilikuwa nikijua kabisa kwamba huyu ni mwanangu na kwamba ninampenda, lakini nilijua kama unavyojua jambo ulilohadithiwa.

Asubuhi moja niliwasikia wakizungumza uani. Mwanesha alikuwa akimsaidia Bi Maimuna kwenye jiko la anjera. Nilisikia unga ukimwagwa kwenye chuma cha kuokea na kifuniko kikiwekwa juu yake, na katikati ya kila anjera na nyingine wakanena kidogo. "Hanipigi," Mwanesha alikuwa akisema. "Hanitukani. Hana mwanamke mwingine. Ingekuwa kimojawapo katika hivyo, ningejua la kumshtakia." Bi Maimuna akamwambia, "Basi subiri, mwanangu. Wanaume hupitiwa." Kifuniko kikafunuliwa, kikawekwa tena. "Nisubiri nini, Bi Maimuna? Mtu huvumilia kitu kilichopo. Huyu hayupo." Niliyasikia yote, neno kwa neno, kichwa changu kikiwa karibu na dirisha. Nikangoja niumie. Nililala pale nikingoja kama unavyongoja sauti ya jiwe ulilotupa kisimani, na jiwe halikufika.

Mwisho wa mwezi alisema anakwenda Burgao kumtembelea kaka yake, yeye na mtoto, wiki mbili tatu. Mtu anayekwenda kutembea habebi sanduku. Nililiona sanduku likitoka mlangoni juu ya bega la mchukuzi, na pale lilipokuwa pakabaki alama ya pembe nne sakafuni, safi kuliko sakafu iliyobaki. Mwanesha alisimama kizingitini kwa muda. Nadhani alikuwa akinipa nafasi ya mwisho ya kusema neno. Nikasema, "Mfike salama."

Kuhusu miezi iliyofuata sina mengi, kwa sababu haikuwa na mengi. Mvua ilinyesha, ikakatika. Nilijifunza sauti za nyumba: bomba la jirani, kuku, redio ya Kisomali iliyosoma habari za mchana. Sikuwa nikiwaza juu ya Mwanesha. Nilikuwa nikiwaza jambo moja tu, kwamba mimi si kitu, na nililiwaza kwa namna ya mtu anayesoma tasbihi, bila haraka, punje moja baada ya nyingine, na ikiisha naanza tena. Bi Maimuna alimleta mwalimu wa madrasa anisomee. Alikuwa mtu mpole. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, akaninywesha kombe lile kwa mkono wake, na siku ile nililala usingizi wa kweli. Sisemi halikufaa. Lakini asubuhi nilipoamka, ile "mimi si kitu" ilikuwa imeamka kabla yangu, imekaa inanisubiri. Ndipo Bi Maimuna alipokuja na kanzu yangu aliyoifua mwenyewe, akanirushia, akasema, "Vaa. Twenda kwa Hodan."

Hodan alikuwa muuguzi, Msomali wa Kismayu aliyelelewa na majirani Wabajuni kama sisi, na maneno yetu aliyajua mpaka ya mafumbo. Alisomea Nairobi, akarudi, akafungua zahanati ndogo katika nyumba ya baba yake. Mbele alitibu kikohozi na vidonda. Nyuma, Jumanne na Jumamosi asubuhi, alikaa na watu aliowaita wa huzuni iliyokaa, maana alisema kuna huzuni inayopita na kuna inayokaa, na inayokaa ina tabia zake. Chumba kilikuwa na mkeka, kuta za kijani zilizobambuka, na friji ya dawa iliyokuwa ikinguruma kisha kunyamaza ghafla, hata mtu akastuka kwa ule ukimya. Siku yangu ya kwanza tulikuwa watatu. Palikuwa na Mzee Bakari, aliyebeba magunia bandarini maisha yake yote na sasa mgongo umemkataa, na palikuwa na Shamsa, mama wa Kisomali muuza makaa, ambaye hakunena kabisa, mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko kama aliyevaa glovu.

Hodan akampa kila mmoja tende moja. Akasema tuishike, tuitazame, tuinuse, kisha tuile polepole, na akili ikitoroka tuirudishe bila kuigombeza. Mzee Bakari akaigeuza ile tende. "Binti," akasema, "mimi nala tende tangu sijaota meno, na leo wanifundisha kula?" Hodan hakucheka. "Adeer," akamwambia, kama Wasomali wamwitavyo ami, "tende ya mwisho uliyokula ilikuwa na ladha gani?" Mzee akafikiri. Nilimwona akiitafuta. "Siikumbuki," akasema. "Basi kula hii." Akala. Nami nikala, na Hodan alipoufikia upande wangu akaniuliza nimeonja nini. Nikamwambia ukweli: nimeonja ubao. Nilidhani nimefeli. Akasema, "Basi umeonja ubao, na umejua kwamba ni ubao. Leo umehudhuria. Nisikilizeni, nyote. Mimi siwafundishi kufurahi. Hilo sijui kulifundisha. Nawafundisha kuhudhuria." Mzee Bakari akasema hiyo ni khushui, moyo kuhudhuria katika sala, na mwalimu wake wa chuo cha Kurani alikuwa akimchapa kwa ajili yake. Hodan akasema, "Hapa hakuna bakora, adeer."

Siku hizi nasikia vijana wakilitaja jambo hili kwa jina la kizungu, na Ruqia aliniambia wapo wanaolisoma kwenye simu, na wote wanalisifu kwamba linatuliza. Mimi halikunituliza. Wiki ya tatu Hodan alitufundisha kukaa macho tumeyafumba na kufuata pumzi, ikiingia, ikitoka, na mimi nilipokaa hivyo dakika chache kile kiza laini nilichokuwa nimekizoea kikapasuka, na chini yake hapakuwa na utulivu. Palikuwa na mambo niliyodhani nimeyaacha njiani, nyuso, harufu, sauti ya mtu fulani akiniomba maji. Niliinuka nikatoka mbio, nikasimama nje ukutani nikitapika. Hodan akanifuata na kikombe cha maji. Nikamwambia kwa hasira, na ilikuwa hasira yangu ya kwanza tangu mwaka uanze, "Ulisema hii ni dawa." Akanijibu, "Sikusema. Lakini kosa ni langu, walaalo, ndugu yangu. Nilikuingiza kwa mlango usio wako." Akaniambia tangu siku ile nisifumbe macho. Niache kufuata pumzi. Nitazame kitu, nishike kitu. Akaniuliza mikono yangu inajua kufanya nini. Nikamwambia ilikuwa ikijua mashine.

Jumamosi iliyofuata, wenzangu walipokaa mkekani, mimi alinikalisha kwenye kigoda karibu yao akaniwekea mbele jiko la mafuta ya taa, la kupampu, lile alilokuwa akichemshia sindano na mikasi. Lilikuwa limeziba. "Usilitengeneze," akasema. "Sikuombi ulitengeneze. Lifungue tu, na kila unachokishika ujue kwamba unakishika." Nikashika kichwa cha jiko. Kilikuwa baridi. Kilikuwa na masizi, na masizi yalikuwa laini kama wanja. Nikakiweka chini. Akili ikaenda kwa Haji Kombo na gunia lake. Nikairudisha kwenye skrubu iliyokuwa kidoleni. Nilichukua asubuhi nzima kufungua jiko ambalo zamani ningelifungua kwa muda wa kunywa chai. Sikulitengeneza siku ile. Nililitengeneza Jumanne, na liliposhika moto wa buluu, Shamsa muuza makaa alinena kwa mara ya kwanza mbele yetu. Alisema, kwa Kisomali, "Jiko hili litaniharibia biashara." Mzee Bakari alicheka mpaka akashika mgongo.

Jambo la pili alilonifundisha Hodan lilikuwa la lugha tu, na ndilo lililoniokoa. Aliniuliza ninawaza nini nikiwa peke yangu, nikamwambia: mimi si kitu. Akasema, "Usiseme hivyo. Sema, limenijia wazo kwamba mimi si kitu." Nikamwambia ni yale yale. Akasema si yale yale. La kwanza ni wewe. La pili ni mgeni. Sikumwamini, lakini nilikuwa nikirudia kama mtoto wa chuo anavyorudia asichokielewa. Mzee Bakari alilipenda sana fundisho lile, na kila tulipoagana mlangoni aliniambia, "Wazo likibisha hodi, mkaribishe, lakini asivue viatu."

Kuna siku moja ambayo Ruqia sikumweleza, nami naiandika hapa kwa sababu ni haki yake kujua. Nilikuwa nimeacha kwenda darasani wiki tatu. Sikuwa na sababu. Kitanda kilinirudisha tu, kama kilivyokuwa kikifanya. Mchana mmoja, jua kali, Bi Maimuna akiwa sokoni, nililala nikitazama dari, na likanijia kwa sauti tulivu, ya busara kabisa, kwamba Ruqia ataishi vizuri zaidi nikiwa sipo duniani. Wazo hilo halikuwa jipya. Lilikuwa likija mwaka mzima, na kila likija lilikuja likiwa mimi, sauti yangu mwenyewe, likisema jambo la kweli kama kusema leo ni Alhamisi. Siku ile midomo yangu ikasema yenyewe, kwa mazoea: limenijia wazo. Halikuondoka. Sitaki mtu adhani liliondoka. Lakini lilisogea kidogo, likasimama kule nami nikabaki huku, na kati yetu pakawa na nafasi ya kumtosha mtu kuketi, kutafuta ndara zake chini ya kitanda, na kutoka. Nilikwenda kwa Hodan bila kofia, jua likinichoma utosi, nikamkuta akimfunga mtu kidonda, nikamwambia mbele ya mtu yule wazo lililonijia. Akakamilisha kufunga kidonda. Akafunga mlango wa mbele. Hakuniambia nina mengi ya kunifanya niishi, wala hakunikumbusha dhambi. Alisema, "Umefanya vyema kuja. Leo hutoki hapa peke yako." Nikakaa jikoni kwa mama yake mpaka Bi Maimuna akaja kunichukua, na tangu siku ile aliniandikia pia vidonge, nikavimeza kila asubuhi miezi mingi. Nikiulizwa ni vidonge au ni darasa au ni Bi Maimuna aliyeninyima ufunguo wa chumba changu wiki nzima akanilaza sebuleni kwake, sijui. Sikuweza kuvitenganisha wakati ule, na sasa sijaribu.

Nilipopata nguvu nilikwenda Burgao. Nilikwenda na wachuuzi wa samaki, na mashine ya boti lao ilipokohoa njiani niliwaambia plagi ina uchafu, nikaisafisha, wakanisamehe nauli. Mwanesha nilimkuta nyuma ya nyumba ya kaka yake akipaa samaki, magamba yameshika mikononi mpaka kwenye bangili. Aliponiona hakuinuka. Akanitazama muda mrefu, usoni, machoni, na nikajua anatafuta kama nipo. "Umerudi," akasema. Hakuwa na maana ya Burgao. Nikamwambia naumwa bado, lakini nipo. Nikamwambia habari za Hodan, za vidonge, za tende na jiko, na nikamwomba turudi Kismayu. Akaendelea kupaa. Kisha akasema, polepole, kama aliyeyapanga maneno yale zamani na kuyaweka, "Lali, mwaka huu nimekuzika. Niliketi kule chumbani nikakuzika, peke yangu, bila mtu wa kunipa pole, kwa sababu weye ulikuwa wavuta pumzi. Nami nimemaliza kulia. Sasa waja wanambia nikufukue. Siwezi. Nakuomba talaka yangu, na nakuomba kwa wema."

Mwaka mzima nilikuwa nimengoja niumie, na hapo ndipo nilipoumia. Maumivu yalianzia chini ya mbavu yakapanda mpaka kooni, na kila kitu ndani yangu kilitaka kulala chini na kuzima. Sikulala. Niliitazama mikono yake, magamba, maji mekundu kwenye beseni, paka aliyekuwa akisogea. Nilisikia miguu yangu juu ya mchanga. Nikakubali kwamba anasema kweli, na kwamba kosa halikuwa langu wala lake, na kwamba hata hivyo ni lazima mtu alipe. Nikampa talaka yake mchana ule mbele ya kaka yake, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe. Baadaye tulikula sinia moja, wali na samaki yule yule, kaka yake, mimi na Ruqia. Ruqia hakunisogelea mwanzoni. Kisha akaketi ubavuni pangu akanionyesha kidonda chake gotini na kunieleza kilivyopatikana, tangu mwanzo, kwa marefu na mapana, na nilimsikiliza mpaka mwisho. Ningeweza kurudia hadithi ile leo, neno kwa neno.

Huzuni ilinirudia baadaye, mara tatu katika maisha yangu, na mara moja karibu ishinde. Hodan alihama, Mzee Bakari alifariki, Shamsa sikumwona tena. Nimejifunza kuijua ikiwa bado iko mbali, kwa dalili zake ndogo, ndimu inapopoteza ukali, ninapofunika kazi kwa kitambaa. Hainiogopi wala mimi siichezei. Sikupona, na nimeishi, na haya mawili nimeyakuta yakikaa nyumba moja.

Lakini mwaka ule naukumbuka ulikwisha siku ya kwanza ya Ramadhani, wiki mbili baada ya Burgao. Nilikuwa nimerudi kwenye vyumba vyangu. Adhana ya magharibi ilipolia nilikuwa nimekaa sakafuni na bakuli la uji na maji, na kutoka kila nyumba ya Majengo zikaja sauti za watu wakifuturu, vijiko, watoto, mtu akimwambia mwenzake ampitishie sambusa. Nikanywa maji. Nikala kijiko kimoja cha uji, na uji ulikuwa na iliki, nami nikaisikia iliki. Nikataka kumwambia mtu. Nikageuka kabisa, mdomo umefunguka, kumwambia Mwanesha kwamba uji una iliki, na nilipomkosa nikajua kwamba niko peke yangu. Nilikuwa peke yangu miezi mingi na sikuwa nimelijua, kwa sababu katika chumba kile hapakuwa na mtu wa kulijua. Sasa alikuwapo: mimi. Nikalia juu ya bakuli, kwa sauti, sikujizuia.

Bi Maimuna alitoka uani na leso yake ya kusalia bado kichwani. Akasimama mlangoni, akaniuliza nalia nini.

"Mke wangu hayuko," nikamwambia. "Namtamani."

Akaketi kizingitini, akanyoosha miguu yake iliyochoka, akavuta leso magotini. "Haya," akasema. "Nena. Nakusikia."